Hiyo 'ghafla' huanza tukiwa vijana

Kila nikiona tangazo la mazishi kwenye WhatsApp, "ametuacha ghafla", mtu wa miaka 45 hivi, najiuliza: ghafla vipi? Kama ni mishipa ya moyo, safari hiyo ilianza kitambo, pengine akiwa bado kwa hosteli ya chuo.

Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha walichokiona baada ya kupasua miili ya wanajeshi 300 waliouawa kwenye vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Asilimia 77 tayari walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Hao ni vijana wa gwaride, si wazee wa vitambi. Sasa ukiniambia "mimi bado mdogo", sikuelewi.

Moyo unasukuma damu mchana kutwa lakini haujilishi na ile iliyo ndani yake. Una mishipa yake, myembamba, iliyouzunguka kwa nje. Kolesteroli hujipenyeza kwenye kuta za mishipa hiyo pole pole na huhisi chochote. Njia ikibana sana, kifua kinauma ukipanda ngazi, ukipumzika kinatulia. Kisha siku moja ule uvimbe wa mafuta unapasuka, damu inaganda pale pale, njia inafungika, na msuli uliokuwa ukingoja damu unaanza kufa.

Sigara, presha, sukari na kolesteroli ndizo huharakisha mambo. Ukoo pia. Kama babako alipata shida ya moyo mapema, usingoje kupimwa. Sisemi mtu aache chipsi kesho (smokie yangu ya jioni bado iko). Lakini sigara sina huruma nayo, hata ile ya kununua moja moja.

Kinachonikera zaidi ni dawa ya asidi. Kifua kimebana, jasho linatoka, maumivu yanashuka mkono au kupanda kwa taya, halafu mtoto anatumwa kwa kemisti alete tembe za vidonda vya tumbo, eti ni yale maharagwe. Kwa wanawake inaweza kuja kama kichefuchefu, uchovu na kukosa pumzi, kwa hivyo wanapuuzwa zaidi. Msuli wa moyo ukishakufa haurudi. Usilale uone kama itaisha. Amsha jirani mwenye gari, hata kama ni saa nane usiku, mwende hospitali yenye mashine ya kupima umeme wa moyo. Ikipatikana ilikuwa gesi tu, mtacheka mkirudi.