Barabara ni ya Nani?



Simama asubuhi kando ya barabara kuu ya Kisii–Kisumu, hapa Oyugis, utazame. Matatu zagombea abiria, bodaboda zapenya katikati, na pembeni, vumbini, wapita wanafunzi, akina mama wenye mizigo ya sokoni na waumini waendao ibadani. Hao waendao kwa miguu ni umati mkubwa, nao ndio waliotengewa nafasi finyu kuliko wote.

Tusidanganywe kwamba haya ni majaliwa. Namna watu wasafirivyo mjini hutokana na maamuzi ya wenye mamlaka. London ilifungua reli ya chini ya ardhi mwaka 1863. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu miaka ya 1970 huyazuia magari katika barabara zake kubwa siku za Jumapili, ili watembeao na wapanda baiskeli wajinafasi. Wala si lazima tuvuke bahari: mwaka 2016 Dar es Salaam iliyapa mabasi yaendayo haraka njia yake pekee, hata mchuuzi asiye na gari akampita tajiri aliyekwama katika msongamano.

Kwetu Kenya je? Tangu mwaka 1973, Rais Kenyatta alipoziruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, sehemu kubwa ya kazi hii imeachiwa wafanyabiashara. Mwaka 2022 Nairobi ilipata barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye gari huipita kwa kulipa. Mtembea kwa miguu haruhusiwi kabisa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti barabara zake na usafiri wa umma. Barabara kuu ni za Serikali ya Kitaifa. Tusikubali pande hizi mbili zisukumiane lawama huku watoto wetu wakivuka kwa kubahatisha.

Basi makanisa na vikundi vyetu vichague siku moja ya soko, vihesabu wangapi wapita kwa miguu na wangapi kwa gari. Hesabu hiyo tuipeleke kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, tuulize mbele ya wote: njia ya watembeao iko wapi, na kivuko kiko wapi? Jibu liandikwe, nasi tulihifadhi hadi siku ya kura.