Ziwa Tanganyika: joto la maji linapunguza ndagala, nyavu za ufukoni zinamaliza waliobaki

Kutoka Uvira hadi Moba, kupitia Baraka na Kalemie, malalamiko ya wavuvi yanafanana: usiku mzima majini, asubuhi samaki ni wachache. Lawama nazo zinajulikana. Serkali inashtaki nyavu zenye matundu madogo. Wavuvi wanashtaki kodi na vizuizi. Lakini kuna mshtakiwa wa tatu ambaye hatajwi sana katika mikutano: joto la maji yenyewe.

Kufuatana na uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 katika jarida la Nature Geoscience, maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yalifikia digrii 26 mwaka 2003. Joto kama hilo halikuwa limeonekana katika ziwa hilo kwa miaka 1500. Na mwaka 2003 huohuo, watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly waliandika katika jarida la Nature kwamba mimea midogo sana ya majini, ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki wote, ilikuwa imepungua kwa 20 kwa mia hivi. Kwa hesabu yao, hiyo inaweza kupunguza samaki kwa 30 kwa mia hivi.

Namna gani digrii chache zinaweza kufanya hivyo? Jibu liko chini ya ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1470, lakini samaki hawaishi katika kina hicho chote. Upande wa kaskazini, kwenye Uvira na Bujumbura, oksijeni inaisha karibu na mita 100. Upande wa kusini, karibu na Zambia, inashuka hadi mita 200 na zaidi. Chini ya hapo samaki hawezi kupumua. Hata hivyo ndiko iliko mbolea ya ziwa, kwa sababu kila kinachokufa juu kinashuka na kuozea huko.

Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Maji ya baridi yanapanda kuchukua nafasi yake, hasa upande wa kusini, na kuleta mbolea hiyo kwenye mwanga wa jua. Mimea midogo inaongezeka, vidudu vya majini vinaikula, ndagala na lumbu wanakula vidudu, na mikeke wanakula ndagala. Sahani ya mkaaji wa Kalemie inaanzia kwenye upepo huo.

Sasa, maji yenye joto ni mepesi. Kadiri ya juu yanavyozidi kupata joto, yanalala juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya maji, na upepo uleule unashindwa kuyachanganya. Tofauti kati ya maji ya juu na ya chini kabisa ni digrii chache tu. Lakini katika ziwa ambalo tayari lina joto, kila digrii inayoongezeka inapunguza uzito wa maji kuliko katika maziwa ya baridi ya Ulaya. Ndiyo maana ongezeko dogo linatosha kufunga mlango wa mbolea.

Wengine wanaoumia ni viumbe vya chini, karibu na kando: konokono, kaa na samaki wadogo ambao hawapatikani popote pengine duniani. Timu ya Andrew Cohen wa Chuo kikuu cha Arizona ilitangaza mwaka 2016 kwamba, katika sehemu walizochunguza, eneo la chini lenye oksijeni limepungua kwa 38 kwa mia tangu mwaka 1946. Walipochunguza mabaki ya samaki katika matope ya chini, waliona pia kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara ulioingia miaka ya 1950.

Je, hiyo inawaondolea wavuvi lawama? Hapana. Mwaka 2006, watafiti wakiongozwa na Jouko Sarvala wa Finland walipinga maelezo ya joto peke yake. Kwao, mabadiliko ya kiasi cha samaki wanaovuliwa yanatokana zaidi na namna ya kuvua. Mfano wa sangala unawapa nguvu: upande wa kaskazini, samaki hao wakubwa walipungua vibaya baada ya meli za uvuvi wa biashara kuwaandama kwa miaka mingi.

Mabishano hayo hayapaswi kumchanganya msomaji. Joto na nyavu si maelezo mawili ya kuchagua moja. Ziwa lenye chakula kingi linaweza kusamehe makosa ya mvuvi, kwa sababu samaki waliovuliwa mapema wanapata wa kuwarithi. Ziwa ambalo chakula chake kimepungua halina akiba hiyo.

Hapo ndipo uvuvi wa ufukoni unakuwa swali zito. Sangala wadogo wanakulia katika majani ya maji karibu na kando, na lumbu wachanga pia wanakaa huko. Nyavu ndefu inayovutwa na watu kutoka ufukoni, au chandarua kilichogeuzwa nyavu, inakokota wote: samaki, watoto wa samaki na majani wanamojificha. Wanaoivuta mara nyingi hawana mtumbwi wala injini. Wako pia waliokimbia vita vijijini na kuacha mashamba yao, na kwao ufuko ndio shamba lililobaki.

Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Majira hayo yana maana, kwa sababu yanaangukia wakati wa upepo, chakula kinapopanda na samaki wachanga wanapohitaji kutulia. Lakini kufunga hakupunguzi joto. Na familia isiyo na akiba haiwezi kungoja siku 92 bila kitu jikoni. Bila msaada, amri inawatii wenye uwezo, na maskini wanavua usiku kwa kujificha, tena ufukoni, mahali penye madhara makubwa zaidi.

Hakuna kiongozi, Uvira wala Kalemie, anayeweza kupoza ziwa. Joto hilo linatokana na mabadiliko ya hali ya hewa ya dunia nzima, na Kongo imechangia kidogo sana. Kinachobaki mikononi mwa viongozi na kamati za wavuvi ni kando ya ziwa: kulinda mazalio ya samaki mwaka mzima, si miezi mitatu tu, na kuwapa wanaovuta nyavu za ufukoni njia nyingine ya kula kabla ya kuwanyang'anya nyavu hizo. Tarehe 15 Mei ikifika tena, swali la kuuliza viongozi ni moja: mbali na kufunga, mmetayarisha nini?