Kikao cha Walimu si Mahali pa Kutangaziana Tu

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo wetu hukaguliwa maandalio ya somo, zana na matumizi ya ubao. Hakuna awaulizaye jambo litakalowagusa kila siku watakapoajiriwa: habari hupitaje kati ya mwalimu mkuu na walimu wake? Twaona kwamba jambo hili lastahili kufundishwa vyuoni, kwa kuwa ari ya mwalimu hulelewa, au hufishwa, hapo hapo.

Katika shule moja tuliyokwenda kukagua, mwalimu wa Darasa la Kwanza aliambiwa na watoto kwamba amehamishiwa Darasa la Nne. Ratiba mpya ilibandikwa Ijumaa jioni, naye alikuwa amekwisha kuondoka. Hakugoma, alihama. Lakini kadi za herufi alizozitengeneza kwa mkono wake zilibaki kabatini, wala aliyempokea darasa hakuelezwa ni watoto gani waliokuwa bado wakichanganya b na d. Agizo lilitekelezwa, kazi ikaharibika, na hasara wakaipata watoto.

Mwalimu mkuu yule hakuwa mtu mbaya. Alidhani kwamba kutangaza ndiko kuwasiliana. Daftari la matangazo hupitishwa na kila mmoja hutia sahihi. Siku hizi ujumbe huingia katika simu za wote kwa mara moja. Walakini sahihi yathibitisha kwamba mtu amesoma. Haithibitishi kwamba ameelewa sababu. Darasani twalijua hili. Hatumpi mtoto alama kwa kuwa alikuwepo tulipokuwa tukisema. Twamwuliza, twasikiliza jibu lake, kisha twarekebisha somo. Mbona tuingiapo ofisini twaisahau kanuni hiyo?

Wazo hili si geni nchini Tanzania. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawakanya viongozi majivuno na dharau. Hata hivyo, uwezo wa mabaraza yale ulikuwa wa kushauri tu. Ushauri usiojibiwa huwachosha watu upesi kuliko kutoombwa ushauri kabisa.

Wako wasemao kwamba vikao hula vipindi. Ni kweli, ikiwa kikao ni cha saa tatu na msemaji ni mmoja. Sisi twapendekeza dakika 15 kila Jumatatu baada ya masomo, kwa mambo matatu: nini kinabadilika na kwa sababu gani, ruzuku iliyopokewa na jinsi ilivyotumika, na majibu ya maswali ya juma lililopita. La tatu ndilo kubwa. Mwalimu aulizaye habari za madawati mara tatu asijibiwe, hatauliza mara ya nne. Naye mkuu atadhani kwamba shule ni shwari.

Ndugu wanachuo, hamtakuwa walimu wakuu kesho, lakini kesho mtakabidhiwa darasa. Anzeni huko. Mnapobadili zamu za kufagia au mpango wa kukaa, waelezeni watoto sababu, waulizeni maoni yao, kisha wapeni jibu, hata likiwa ni la kukataa. Aliyezoea kufanya hivyo mbele ya watoto 60 hatashindwa kufanya hivyo mbele ya walimu 12.