Daftari la Mgonjwa Limekwenda Wapi?

KIBARAZA CHA JUMAPILI
Na Mwinyi Seif Mgunya

Yapata miaka 18 sasa tangu tabibu aliponitajia kisukari, na katika muda wote huo nimekuwa na sahibu mmoja asiyenihini, naye ni daftari la mistari nililolinunua dukani asubuhi ya kliniki yangu ya kwanza, kwa kuwa muuguzi wa mapokezi alisema asiye na daftari haandikiwi. Daftari hilo, na mengine matatu yaliyolifuatia, yamebeba sukari yangu, presha yangu, vidonge nilivyoongezewa na nilivyopunguziwa, na maneno ya matabibu kadha wa kadha, ambao baadhi yao wana hati isiyosomeka hata na mwenye kuiandika. Ukurasa mmoja una doa la mchuzi. Walakini kila nilikokwenda, lilikwenda nami.

Mwaka jana kliniki ikahamia kwenye kompyuta. Sitaki nihesabiwe miongoni mwa wazee wanaolaani kila kilicho kipya, kwani aliyepata kusimama asubuhi nzima mbele ya dirisha la masjala, faili lake likitafutwa, kisha akaambiwa halionekani, hahitaji kuhubiriwa faida ya kompyuta. Mnamo 1976 tabibu Clement McDonald wa Indianapolis, Marekani, alichapisha makala iliyonena kwamba taksiri nyingi za matabibu hazitokani na ujinga, bali na wingi wa habari unaoishinda akili ya binadamu, naye akaonyesha kwamba tabibu anayekumbushwa na kompyuta lililo wajibu wake hulitenda mara nyingi zaidi. Fikra hiyo ilivuka bahari: mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, na kutokana na kazi ile ikaanza, mwaka 2004, OpenMRS, programu isiyouzwa ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Baadaye, katika kliniki za UKIMWI za upande ule, kompyuta ilichapa muhtasari wa kila mgonjwa pamoja na ukumbusho wa kipimo cha kinga kilichochelewa, na matabibu waliopewa ukumbusho huo wakawa wanaagiza kipimo kile zaidi kuliko wasiopewa. Ilikuwa karatasi tu, naam, karatasi ya kushikwa mkononi.

Sasa maradhi ya kudumu si kama malaria, ambayo humjia mtu, akatibiwa, wakaachana. Kisukari, presha, pumu na selimundu ni wapangaji wasiohama. Tabibu hunitazama dakika kumi katika miezi mitatu. Siku zilizobaki tabibu wangu ni mimi, pamoja na mke wangu apimaye wali wangu kwa kikombe. Na kwa kuwa presha aghalabu haina maumivu, na figo huharibika kimyakimya hata mtu akajihisi mzima ilhali tarakimu zake zinapanda mwezi baada ya mwezi, kipimo kimoja pekee hakina mengi ya kusema. Kinachosema ni safu ya vipimo, na mwenye haja kubwa ya kuisoma safu hiyo ni yule atakayekwenda kula jioni.

Safu yangu imo ndani ya kompyuta, na kompyuta imemgeukia tabibu, imenipa mgongo mimi. Nilipoomba kujua kipimo changu cha figo cha mwaka uliotangulia, nilijibiwa kwa adabu kwamba taarifa zile ni za hospitali, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake. Nilipougua ugenini, kwa binti yangu Morogoro, kompyuta ya huko haikunijua kabisa. Kilichonitambulisha ni lile daftari lenye doa.

Ninalolitaka ni dogo. Mgonjwa wa namna yetu atokapo kwa tabibu atoke na karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye safu ya vipimo vyake, dawa zake na tarehe ya kurudi. Na asipofika siku hiyo, kompyuta iwe ya kwanza kujua, ili muuguzi ampigie simu kabla kidonda hakijaoza. Wataniambia karatasi na wino ni ghali. Nimeshuhudia jirani akikatwa mguu, kwa hiyo bei ya karatasi siijadili.

Mwezi uliopita karani mmoja kijana, baada ya kutazama huku na huku, alinichapia ukurasa wangu. Umejaa vifupisho vya Kiingereza, ambavyo mjukuu wangu alinifasiria vitano na kushindwa na viwili. Niliupeleka nyumbani, nikaubandika kwa punje za wali ndani ya daftari la nne, penye ukurasa wa mwisho uliokuwa mtupu.