Bei Nafuu Haikuiua Uchumi

Juzi kwenye singo ya biharusi mmoja mazungumzo yaliangukia Uchumi, ile supamaketi ya Kenya iliyokuwa na matawi mpaka Dar. Kila mtu na sifa yake: pasafi, bei imebandikwa, huna haja ya kupatana. Mama mmoja akakata shauri kwamba bei zake nafuu ndizo zilizoiua. Sisi tulisema hapana, lakini ilikuwa shughuli ya watu, hatukumaliza. Tunamaliza hapa.

Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika matatu ya serikali ya Kenya. Nia ilikuwa njema: mwananchi apate unga, sukari na sabuni kwa bei ya haki, na viwanda vya nyumbani vipate pa kuuzia. Mwaka 1992 ikaingia soko la hisa la Nairobi. Kwa miaka mingi bei haikuiangusha. Kilichoiangusha ni kufungua matawi mengi kuliko uwezo wake, na njia waliyotumia ni hii hii tuijuayo sisi: mali kauli.

Angalia inavyokwenda. Msambazaji analeta mzigo leo, halipwi. Mteja anakuja kesho, analipa taslimu. Fedha ile si ya duka bado, ni ya aliyeleta mzigo, ila duka linaishika wiki kadhaa. Mwenye busara huiweka. Mwenye tamaa huijengea tawi jipya, na siku ya kulipa anategemea mzigo mwingine wa mkopo.

Mwanzoni mwa Juni 2006 Uchumi ikafunga milango, madeni yamezidi shilingi bilioni 2 za Kenya. Serikali ikaingiza mkono, na wasambazaji wale wale waliokuwa wakidai wakakubali kujaza rafu upya. Julai ikafunguliwa. Ikatoka chini ya msimamizi wa madeni mwaka 2010, ikarudi soko la hisa 2011. Alhamdulillah, mtu angesema, wamejifunza. Wapi! Wakarudi kule kule kufungua matawi. Oktoba 2015 wakafunga Tanzania na Uganda kwa mpigo. Uongozi wenyewe ulisema matawi ya huku yanaleta chini ya asilimia 5 ya biashara na yanakula zaidi ya asilimia 25 ya gharama. Hesabu hiyo hawakuwa nayo mapema? Wafanyakazi na wasambazaji wakabaki wanadai. Mwaka 2020 wadai wa Kenya wakapigishwa kura juu ya mpango wa kulipwa, kwani kulipwa chote hakukuwezekana.

Kwa hiyo ile bei nafuu mnayoisifu, mashoga zetu, kuna mtu aliilipia. Kiwanda kikubwa kina wakili na kina benki. Mwenye kupika achari na jamu jikoni kwake ana nini?

Na sisi yametukuta, si kwa Uchumi. Duka moja la Bara lilichukua mashuka ya kutarizi na foronya zake, seti 40. Tulifurahi, tukapiga picha rafu ile tukaiweka hadi kwenye hali ya WhatsApp. Hatukuandikishana. Miezi ikapita, simu ikawa haipokewi, mwisho tukakuta mlango una kufuli. Wasichana wawili wa cherehani tuliwalipa kwa kuuza bangili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni, na sisi tunaoisoma tulitoa mzigo kwa tabasamu la meneja!

Tusiwaseme wenye supamaketi peke yao. Anayechukua abaya nne kwa fundi, akaahidi kulipa mahari ikiingia, kisha mahari ikaishia kwenye ukumbi na maua, anafanya biashara ile ile ya Uchumi. Fedha ya fundi imejenga tawi. Ukimdai unaambiwa una roho mbaya, unamharibia mtu harusi yake.

Sasa kwetu ni nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa, jina na tarehe daftarini, na shahidi akiwepo. Wateja watatu walinuna wakaenda kwengine. Na wewe biharusi ambaye mashuka yako yako tayari tangu Rajabu, yamekunjwa, yako kabatini. Njoo na nusu iliyobaki.