Chema Chajiuza? Kura za Mashabiki na Thamani ya Modi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii humtatiza mtu anayelitazama soko la michezo ya kompyuta, kwani humo hata kilicho chema hulazimika kujitembeza. Mnamo mwaka 2012, mashabiki walihimizana kuipigia kura modi iitwayo Black Mesa ili ikubaliwe katika Steam, duka la kidijitali la kampuni ya Valve ya Marekani. Kura zikatosha, modi ikakubaliwa. Ni rahisi kulisimulia tukio hilo kama ushindi wa hadhira na kuishia hapo. Makala haya yanashikilia kwamba simulizi ya namna hiyo ina nusu tu ya ukweli. Kura hufungua mlango, lakini haiwezi kuipima kazi inayopita mlangoni. Anayeyachanganya mambo haya mawili huwapunja watunzi na hadhira kwa pamoja.

Kwanza, ni vyema dhana yenyewe ifafanuliwe. Modi ni kazi ambayo wachezaji huiunda juu ya mchezo uliokwisha kutungwa na wengine. Huenda wakabadilisha mandhari, wahusika au kanuni, au hata wakaujenga mchezo mzima upya. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Mtunzi wa takhmisi huichukua mishororo miwili ya mwenzake na kuitungia mingine mitatu, na hakuna anayemwita mwizi. Anachodaiwa ni kimoja: mishororo yake ishikamane na ile aliyoikuta, nayo iwe na uhai wake. Modi nayo inastahili kupimwa vivyo hivyo. Counter-Strike, kwa mfano, ilianza mwaka 1999 kama modi ya mchezo wa Half-Life, na mwaka uliofuata Valve ikaitoa kama mchezo kamili.

Black Mesa nayo ilichipuka kutokana na Half-Life, mchezo uliotolewa na Valve mwaka 1998. Mnamo 2004 kampuni hiyo iliuhamishia mchezo huo kwenye injini yake mpya, Source, lakini mabadiliko yaliyofanywa yalikuwa machache, na baadhi ya wapenzi wake hawakuridhika. Waliojitolea kuujenga upya walianza wakiwa vikundi viwili, kisha wakaungana. Walifanya kazi kwa takriban miaka minane bila ujira. Modi hapo awali iliitwa Black Mesa: Source, lakini Valve ikaomba neno la mwisho liondolewe, nao wakaliondoa. Hakuna kura ya shabiki iliyohitajika katika hatua hizo zote. Palihitajika subira ya watunzi na ridhaa ya mwenye kazi asilia.

Kura ilikuja baadaye. Awali, uamuzi kuhusu michezo itakayouzwa katika Steam ulikuwa mikononi mwa wafanyakazi wa Valve. Agosti 30, 2012, kampuni hiyo ilianzisha utaratibu ulioitwa Greenlight. Mtunzi aliweka picha, video na maelezo ya mchezo wake, nao watumiaji wa duka wakapiga kura kuonyesha kama wangependa kuuona ukiuzwa. Michezo kumi ya kwanza ilitangazwa Septemba 11, Black Mesa ikiwa miongoni mwayo. Hata hivyo, modi yenyewe ilitolewa kwa umma, bila malipo, Septemba 14. Tarehe hizi mbili zinastahili kusomwa pamoja: kura zilipigwa kabla umma haujaicheza kazi iliyopigiwa kura.

Je, mashabiki hao walikuwa wakikipigia kura kitu gani? Waliipigia kura kiu yao, na pengine imani waliyokuwa nayo kwa watunzi. Kiu ni jambo la kweli na imani ni jambo la heshima, ila yote mawili si uhakiki. Anayelitilia shaka dai hili na aisome orodha ileile ya michezo kumi. Mchezo wa Towns ulipita katika mlango huo siku hiyohiyo. Ulianza kuuzwa katika Steam kabla haujakamilika, na mwaka 2014 uundaji wake ukasitishwa. Kura zilezile za mapenzi zilizaa matokeo mawili yanayopingana. Kilichoyatofautisha hakikuwa ndani ya kura.

Wapo watakaopinga kwamba hadhira ni mshiriki halali wa sanaa, na kwamba fasihi simulizi imelifunza hili kwa karne nyingi. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau mpangilio wa mambo. Hadhira ya fanani husikia ndipo ikaitikia. Hadithi ikiyumba, huguna papo hapo, naye fanani hulazimika kujirekebisha. Katika Greenlight mwitikio ulitangulia hadithi. Isitoshe, kura haikuwafikia watunzi wote kwa usawa. Black Mesa ilirithi mashabiki ambao Half-Life ilikuwa imewakusanya tangu 1998, ilhali mtunzi wa mchezo mpya kabisa alianza bila mtu. Baadaye wakazuka waliowaahidi wapiga kura nakala za bure za michezo yao. Kura inapogeuzwa bidhaa ya kubadilishana, haisemi tena chochote, hata kuhusu kiu.

Hata hivyo, kuihukumu kura kuwa kelele tupu ni kuteleza upande wa pili. Juni 2017, Valve iliifunga Greenlight na kuanzisha Steam Direct, utaratibu ambao mtunzi hulipa dola 100 kwa kila mchezo na kurejeshewa baada ya mauzo kufikia dola 1,000. Mlango sasa ni mpana zaidi, lakini ushuhuda wa hadhira umeondolewa kizingitini. Ada huthibitisha kwamba mtunzi ana dola 100. Kura, pamoja na dosari zake zote, ilithibitisha kwamba kuna watu wanaomsubiri. Kwa kikundi cha watu waliofanya kazi miaka minane bila malipo, ushuhuda huo si kitu cha kubezwa. Makosa yalikuwa kuutaka ushuhuda huo ufanye kazi ya hakimu.

Kilichoithibitisha Black Mesa kilitokea baada ya kelele kutulia. Toleo la 2012 halikuwa na sehemu ya mwisho, ile ya ulimwengu mgeni wa Xen. Mnamo 2013 ilitangazwa kwamba Valve imeruhusu kazi hiyo iuzwe. Mwaka 2015 ikaanza kuuzwa ingali haijakamilika. Na Machi 2020 toleo kamili likatoka, Xen ikiwa imejengwa upya na kupanuliwa. Kati ya kura na ukamilifu ilipita zaidi ya miaka saba. Katika miaka hiyo hapakuwa na kampeni ambayo ingeweza kumfanyia mtunzi kazi yake.

Kwa hivyo, methali ya wahenga haijapinduliwa, bali imeongezewa sharti. Chema hujiuza pindi kinapofika sokoni, ila huenda kikahitaji kubebwa hadi hapo, na wabebaji hawana budi kushukuriwa. Wanafunzi na wahadhiri wa fasihi, ambao wanazidi kukutana na kazi zilizotungwa na wasomaji juu ya kazi za wengine, wasikubali idadi ya mashabiki iwafanyie uhakiki. Na waiulize kila kazi ya aina hiyo swali ambalo takhmisi huulizwa: je, mishororo mipya inashikamana na ile ya kale, na ingali hai inaposimama mbele ya msikilizaji asiyemjua mtunzi wala kumpigia kura?