Manowari Haiishi kwa Tiketi

Wapo wanaoshikilia kwamba makumbusho hayana budi kujiendesha kwa viingilio. Sikubaliani nao. Manowari ya Kiingereza Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikaopolewa 1982. Makumbusho yake mjini Portsmouth huendeshwa na shirika la hisani linalotegemea mno fedha za wageni. Yalipofungwa mwaka 2020 kwa janga la Korona, mapato yale yalikatika. Lakini mbao zilidai hewa na unyevu wa kiasi maalumu usiku na mchana, wageni wawepo wasiwepo. Duka na viingilio vigharimie maonyesho; uhifadhi wenyewe ubebwe na serikali. Ningependa hivyo hivyo kwa masalio ya Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama Mombasa 1697, yaliyoko Fort Jesus.